Beseni Langu Nje ya Mstari

Jumatatu, 3 Juni

Umeme umerudi saa tatu. Tulikuwa tumekaa tangu alfajiri tukiutazama waya, kana kwamba kuutazama ndiko kunakouleta. Mabeseni yamefika hadi barabarani. Nimeyapanga, nimeyapangua, nimeyapanga tena kwa ajili ya pikipiki moja iliyotaka kupita katikati. Dereva amenitukana. Nimemrudishia. Siku imeanza vizuri.

Vumbi la kiangazi juu ya vumbi la muhogo. Nikipiga chafya natoa bugali.

Mtaa mzima wa Kasenga unajua sheria ya mashine yetu ya kusaga: beseni ndilo linalopanga mstari, si mtu. Unaliweka nyuma ya lililokutangulia, unaenda sokoni, unaenda kanisani, unaenda kugombana na mume wako, ukirudi zamu yako iko palepale. Kila beseni lina alama yake, kitambaa au rangi au tundu la msumari. Hakuna anayesogeza beseni la mwenzake. Hata walevi hawathubutu. Mdogo wake Solange alijaribu mara moja, na Solange mwenye mashine akamfukuza mbele ya watu. "Beseni ni muntu! Unasukuma muntu?" Nilimpenda sana siku ile.

Mimi napanga, namimina, nakinga unga. Solange yuko kwenye swichi na mkanda. Ndivyo tulivyo tangu mashine ifungwe hapa. Kabla ya hapo tulikuwa dawati moja shuleni. Yeye ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu Esther. Tunajuana hadi harufu ya jasho.

Beseni langu husagwa la mwisho, tukikaribia kufunga. Ni haki ya anayepanga mstari. Mashine haitoi kila kitu. Kila mteja anaacha unga kidogo ndani ya bomba, na anachukua kidogo cha aliyemtangulia. Solange hugonga bomba kwa mpini wa ufagio, mabaki ya siku nzima yananiangukia. Muhogo wa huyu, mahindi ya yule, mtama wa sijui nani. Esther anasema bugali wetu hubadilika ladha kila siku. Kweli hubadilika.

Jumatano, 5 Juni

Yule bibi wa beseni la bluu amekuja tena. Nagasaro. Ameshuka kutoka Mulenge, kule milimani, na wajukuu wake baada ya ng'ombe wao kuporwa. Wamepanga chumba nyuma ya kapela, lile kanisa dogo. Analeta mahindi ya njano, machache, na kitambaa chekundu amekifunga kwenye sikio la beseni.

Haachi beseni. Anakaa kando yake juani. Nimemwambia aende akapumzike, hapa hakuna anayegusa. Akacheka bila meno.

"Minye nimezoea kuchunga."

Nimecheka mchana kutwa. Bibi anachunga beseni.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya.

Beseni la Mama Bahati limeangukia nyuma ya la Nagasaro. Mama Bahati anauza ndagala wa ziwani pale kona, mdomo wake unafika kabla ya samaki wake. Ameangalia mstari. Ameangalia lile beseni la bluu. Amesema hataki unga wa "bale batu" utangulie wake kwenye mashine. Nikamwambia kila mtu hapa anakula kidogo cha mwenzake, imekuwa hivyo siku zote.

"Njo sababu! Minye sitakula kidogo yabo. Unajua banaweka nini?"

Amebeba beseni lake kichwani na kwenda kwenye ile mashine ya mazutu, yaani dizeli, upande wa pili. Wanawake wengine wawili wakamfuata. Solange amewasindikiza kwa macho mpaka wakapinda kona.

Ninajua kinachomuuma Mama Bahati. Kaka yake alipanda milimani kununua ng'ombe wa kuchinja, hakurudi, hata mwili haukurudi. Nilikaa matangani kwake, nikaosha masufuria. Simlaumu kwa kulia. Lakini bibi huyu na wajukuu wake wamemfanya nini? Wao wenyewe wamekimbia.

Nagasaro amekaa tu, mkono juu ya ukingo wa beseni. Amesikia yote. Kiswahili anakijua vizuri.

Ijumaa, 7 Juni

Amri mpya. Watu wa milimani watasagiwa mwisho, wote wengine wakishamaliza. Hata wakifika wa kwanza.

Solange ameniambia akifunga mkanda, hakuniangalia. Si chuki, anasema. Ni biashara. Mashine ni yake, mteja mmoja akiondoka anaondoka na jirani zake. Nilifikiri atasema tena kesho kwamba amebadili mawazo. Solange huwa na hasira za asubuhi.

Nagasaro alikuwa ameshafika, beseni lake la tatu. Leo kwa mara ya kwanza aliliacha. Alinisikiliza mimi, akaenda kumpeleka mjukuu kwenye kituo cha afya.

Nimelisogeza. Kwa mikono yangu. Nimelibeba kutoka nafasi ya tatu hadi nyuma kabisa, wanawake wote wakinitazama. Kitambaa chekundu kilinigusa kifundo cha mkono. Najichukia.

Aliporudi alisimama pale lilipokuwa. Kisha akaangaza macho mpaka akaliona. Hakuuliza. Alienda kukaa kando yake kama kawaida. Heri angenitukana.

Jumapili, 9 Juni

Nimewaza sana wakati wa mahubiri. Padri asamehe.

Nimejaribu kumtetea Solange kichwani. Kinyozi jirani yetu hanyoi wanawake, na hakuna anayelalamika. Yule mama wa baa hawauzii bia wanafunzi wenye sare. Kila biashara ina mlango, na mwenye mlango anajua nani aingie. Ukifungua duka hujaolewa na mtaa mzima. Sawa.

Lakini kinyozi anakataa vichwa asivyojua kunyoa. Mashine yetu mahindi inayajua. Na mwanafunzi akivua sare kesho kutwa atauziwa. Nagasaro avue nini?

Baada ya misa Solange amekuja nyumbani. Ameleta sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, na kipande cha samaki. Amemsuka Esther mstari mmoja mmoja uani, kama zamani, akiimba. Nilikuwa namenya vitunguu. Nikamuuliza moja kwa moja: na mimi je? Mama yangu alikuwa wa Mulenge. Wewe unajua, hata kama mtaa umesahau.

Akashangaa kweli, kichana mkononi.

"Weye? Weye iko wa hapa! Baba yako nani hamujui? Weye si bale."

Nilifurahi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilifurahi, mwili mzima ukalegea kwa raha. Halafu nikaona haya na nikasema vitunguu vinaniwasha.

Mama yangu alishuka kuja kuolewa akiwa na kibuyu cha maziwa na maneno machache ya Kiswahili. Baba alikuwa mwashi, Mfuliiru, kabila la hapa, alijenga nusu ya kuta za mtaa huu. Amezikwa hapa. Solange mwenyewe ndiye aliyebeba msalaba wa kaburi lake, tulikuwa wasichana bado. Mimi Mulenge nimefika mara moja tu, nikiwa mtoto, nakumbuka baridi.

Jumanne, 11 Juni

Sasa ni "hatusagi mahindi". Solange amewaambia watu mahindi yanaharibu mawe ya mashine. Tangu lini? Asubuhi hiyohiyo Papa Dunia, fundi viatu, ameleta mahindi ya uji wa mtoto wake. Solange amenipa ishara kwa kichwa: mimina. Nimemimina. Mawe hayakuharibika.

Nagasaro alipofika nilitumwa mimi. Kwa nini mimi? Solange anasema najua kuongea na watu. Nimemwambia bibi kwamba mashine haipokei mahindi. Alikuwa ananusa unga wa mahindi wa Papa Dunia hewani kama mimi.

Aliniangalia machoni. Halafu akasema, si kwa sauti ndogo, maana masikio yake mazito na mashine ilikuwa inalia:

"Mama yako namujua. Tulikamua ng'ombe pamoja Mulenge, mbele aolewe. Uko na macho yake."

Hakusema kwa ubaya. Uso wake uling'aa. Alikuwa amenipata, bibi wa watu, katika mji asimomjua mtu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Na mashine ikazimwa wakati huohuo, Solange alikuwa anabadilisha mkanda, kwa hiyo nusu ya maneno yalitangazwa kwa mstari mzima.

Mama Bahati alikuwepo. Amerudi tangu amri ilipotoka.

Jumatano, 12 Juni

Wananong'ona. Nikigeuka wanapanga vitambaa vya kichwani.

Mama Bahati amekinga unga wake mwenyewe. Amesema mgongo wangu lazima umechoka, anisaidie. Miaka yote hii hajaona mgongo wangu. Wa nyuma yake naye akakinga mwenyewe. Wa tatu akasema amechelewa na akaniomba nisimame kando kidogo.

Mikono yangu imekinga unga wa harusi zao. Unga wa matanga yao. Mama Bahati alipojifungua pacha mimi ndiye niliyempikia uji.

Namngoja Solange aseme neno. Moja tu. "Muacheni Riziki." Limemshinda nini? Alikuwa pale pale kwenye swichi. Amesikia. Aliinama kuangalia mkanda, na mkanda haukuwa na shida yoyote, ni yeye aliyeufunga jana.

Alhamisi, 13 Juni

Hakuna umeme. Nimefua. Sikutaka kwenda hata kuketi.

Solange hakupita. Huwa anapita siku za umeme kukatika, tunakunywa chai tunaisema kampuni ya umeme.

Jumamosi, 15 Juni

Beseni langu lilikuwa nje.

Naandika polepole nisipasue karatasi. Jana jioni nilisaga kama kawaida. Watu walikuwa wachache, Solange aligonga bomba, hakuongea, nikapata unga wangu. Nilibeba unga kwenye mfuko, na beseni nikaliacha ndani pamoja na muhogo wa leo, kwenye kona yangu nyuma ya mlango. Linalala pale tangu Esther hajazaliwa.

Leo nimefika, nimelikuta nje ya mlango. Si kwenye mstari. Kando ya mfereji wa maji machafu, muhogo umo ndani, umeingiwa na vumbi. Kuku alikuwa juu yake. Na kwenye nafasi yangu, na khanga yangu ya kazini ameifunga kiunoni, alikuwa Jolie, binamu yake Solange.

Jolie si mbaya. Alikuwa anakaribia kulia.

"Dada Solange amesema upumuzike kwanza."

Solange mwenyewe? Hayupo. Amekwenda Makobola kwa shangazi yake. Mtu ambaye haachi mashine yake hata akiwa na malaria, leo ana shangazi.

Mabeseni yalikuwa mengi. Yote nayajua kwa alama. La matundu mawili. La rangi ya milango ya kanisa. La Mama Bahati lenye ufa ulioshonwa kwa waya, niliushona mimi. Wenyewe walikuwa wamesimama wanatazama barabara, wote, kama kuna maandamano yanayokuja. Hakuna aliyesema "Riziki, kuna nini?" Nilingoja mmoja aulize. Ningesema hakuna kitu.

Nimemfukuza kuku. Nimebeba beseni langu. Nimerudi nyumbani katikati ya barabara, sikupita pembeni.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda misa. Esther amekwenda peke yake. Anasema Ma Solange hakuwa kwenye benchi letu.

Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekwenda kwake. Nilipiga hodi mara moja nikaingia, sijawahi kungoja pale mlangoni na sikutaka kuanza leo. Alikuwa anakula. Alitaka kunikaribisha, mkono ukafika nusu ya njia na kurudi.

Amesema mengi. Kwamba wametishia kuchoma mashine. Nani? Batu. Batu gani? Batu, Riziki, usiniulize majina. Kwamba ana watoto. Kwamba mashine ikifungwa Kasenga itasaga wapi. Kwamba akinibakiza atawapoteza wote, akiniondoa atanipoteza mmoja.

"Weye ungefanya aje? Sema. Weye ungefanya aje?"

Hilo ndilo linaloniua. Sijui ningefanya nini kama mashine ingekuwa yangu na watoto wake wangekuwa wangu. Labda ningeogopa vilevile. Lakini ningekuja nyumbani kwake. Ningelibeba lile beseni mwenyewe na kulileta mlangoni kwake, na kumwambia usoni. Nisingeliweka kwenye mfereji na kukimbilia Makobola.

Nikamuuliza amewaambia nini watu kuhusu mimi.

Akakusanya mabaki ya bugali kwa kidole, akakusanya tena.

"Nimebaambia umerudi kwenu."

Kwetu wapi? Nimemuuliza mara mbili. Hakujibu kwa mdomo. Alinyanyua kidevu kuelekea dirishani, milimani.

Solange. Uliyebeba msalaba wa baba yangu. Nyumba yangu ya tatu kutoka kwako. Ukipiga chafya nasikia.

Juzi tu nilikuwa wa hapa. Alinifanya wa hapa alipotaka niwafukuze wengine, na alipomaliza nami akaninyanyulia kidevu. Nami nilifurahi siku ile! Nilimenya vitunguu nikifurahi! Hilo sitamsamehe, kwamba alinipa furaha ile.

Nimetoka. Sikupiga kelele. Nilitaka sana, lakini watoto wake walikuwa uani na wote wawili nimewabeba mgongoni.

Jumatano, 19 Juni

Nimetafuta kazi kwenye mashine ya mazutu. Mwenyewe, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua hili, amenisikiliza vizuri. Ameniuliza jina. Ameuliza jina la baba, akatabasamu, alimfahamu. Ameuliza jina la mama.

Nilisema.

Amesema ana watu wa kutosha. Alikuwa peke yake, unga umemjaa kwenye nyusi, anamimina na kukinga mwenyewe.

Ningeweza kusema jina lingine. Nilifikiria, njiani kurudi. Mama amekufa, asingejua. Lakini jina lake lilitoka lenyewe, na sasa kwa kuwa limetoka silirudishi.

Alhamisi, 20 Juni

Esther ameuliza kama bado anaruhusiwa kumwita Ma Solange mama wa ubatizo. Nimemwambia ubatizo haufutiki. Akauliza kazi inafutika? Nikamtuma maji.

Ijumaa, 21 Juni

Nimetoa kinu cha mama.

Kilikuwa nyuma ya jiko, kuku wanataga ndani. Nimekiosha, nimekianika. Mchi umepata ufa kidogo lakini unashika. Mama hakuiamini mashine mpaka alipokufa. Alisema unga wa mashine una harufu ya moto. Nilikuwa namcheka, mimi na Solange tulikuwa tunamcheka pamoja.

Nimetwanga muhogo ule wa kwenye beseni, baada ya kuupembua vumbi. Mikono inajua kumimina, kutwanga imesahau. Malengelenge. Kila pigo nililiwekea jina. Mama Bahati. Mzee wa kofia. Solange. Solange. Solange. Unga umetoka mwembamba kweli.

Jioni Nagasaro amesimama kwenye uzio. Kinu kinasikika mbali. Mashine ya mazutu nayo imemkataa, amekuwa akichemsha mahindi mazima, na wajukuu matumbo yanawauma. Hakuniomba. Alitazama beseni langu lililokuwa kando ya kinu, akaja akaweka lake la bluu nyuma yake, sawasawa, ukingo kwa ukingo. Halafu akakaa chini kulichunga.

Nilicheka mpaka nikalia. Mstari wa mabeseni mawili.

Tumetwanga kwa zamu. Ana nguvu kuliko mimi. Ameniambia mama alivyokuwa msichana: mwoga wa radi, mwizi wa siagi. Sikuwa najua hayo. Mama yangu mimi alikuwa mtu wa kunyamaza. Labda hapa Kasenga ndipo alipojifunza kunyamaza.

Jumapili, 23 Juni

Hakuna umeme tangu Ijumaa usiku. Wanasema transfoma imeungua, itachukua muda. Mashine ya Solange kimya. Watu wote wako kwenye mazutu, mstari umefika hadi karibu na shule, na mzee wa kofia ameanza kuringa.

Nimefurahi. Sitajifanya sijafurahi.

Baada ya misa Papa Dunia ameleta mahindi ya uji. Hakujieleza, ameangalia chini akitafuta viatu vyangu vina shida gani. Jirani wa upande wa kushoto ameleta muhogo. Yule wa beseni la matundu mawili naye. Hawakuomba radhi. Wameweka mabeseni kwenye mstari na kwenda zao, kama zamani. Nagasaro amewaangalia mmoja mmoja. Amekamata mchi.

Mama Bahati amepita barabarani, akatazama ndani, akaendelea kwenda mazutu. Sawa. Angalau yeye anasema anachokifikiri.

Jumanne, 25 Juni

Bado hakuna umeme. Upepo wa ziwa tangu asubuhi, unga unapeperuka, tumesogeza kinu nyuma ya ukuta.

Jolie amekuja na beseni la Solange. Nimelijua kabla hajalitua: la njano, na S ya msumari pembeni, tuliichora pamoja siku alipolinunua. Amesema kwa dada unga umekwisha. Mazutu hawezi kwenda, mwenye mashine mzima kupanga mstari kwenye mashine ya mshindani wake, mtaa ungecheka hadi Krismasi. Hakuna ujumbe mwingine? Hakuna. Jolie alitazama miguu yake.

Kwa hiyo leo mlango ni wangu na mimi ndiye mwenye mlango.

Nilikuwa na maneno tayari. Ninayo tangu Jumatatu ile. Kwamba kinu hiki hakipokei muhogo wa watu fulani, kwamba wateja wangu hawataki. Nagasaro ni mteja, ningemwuliza, angesema hataki, na ningekuwa na sababu yangu. Biashara. Niliyaonja mdomoni. Yalikuwa matamu, na Jolie aliyangoja kichwa chini.

Nimemwambia aliweke kwenye mstari.

Alitaka kulipeleka mbele, kwa mazoea, beseni la mwenye mashine. Nikamwonyesha nyuma. Nyuma ya la bluu.

Zamu ya Nagasaro ilipokwisha, alitaka kufuta kinu kwa kitambaa. Nilimzuia. Mahindi yake ya njano yalibaki kidogo kuta za ndani, nami nikamimina muhogo wa Solange juu yake na nikatwanga. Nimetwanga vizuri, sikuharakisha. Unga ulipotoka ulikuwa mweupe wenye chembe za njano. Jolie ameziona. Amebeba beseni kichwani, akaondoka.

Sijamsamehe. Nimemtwangia tu.

Beseni langu limetwangwa la mwisho, kama ilivyo haki. Nimegonga kinu kwa mchi, mabaki yakaanguka. Tumekula bugali na ndagala. Esther amesema leo una ladha ya mahindi.